Mkoba Usiotua Chini

Umbea wangu mimi si wa watu, ni wa vitu. Watu waoane, waachane, warudiane mbele ya baraza langu, sinyanyui uso kwenye cherehani. Lakini nipitishie gauni lenye kola nisiyoijua, wallahi nitaiacha kazi ya mteja katikati nikufuate hadi kisimani. Kwa hiyo nesi mpya alipopita mbele yangu mara ya kwanza, sikuuona uso wake. Niliuona mkoba.

Ulikuwa wa ngozi, rangi ya tende iliyoiva, mdogo wa kukaa kwapani, una mkanda wa begani na kifungo cha shaba kilichometa kila alipopiga hatua. Mishono yake ilikuwa midogo, imelingana yote, haina hata mmoja uliokwenda upande. Nimeshona tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na minne na mkono wa fundi naujua nikiuona. Huu ulikuwa mkono wa mtu ambaye hajawahi kuharakishwa na mteja hata siku moja.

Sasa tazama alichouvalia. Gauni la mitumba la maua makubwa, limepauka mabegani. Khanga moja kiunoni. Miguuni kandambili, na ya kushoto imeshikizwa kwa waya. Nikasema moyoni, huyu ama kauiba ama kachanganyikiwa. Akapita, nikamtazama kwa nyuma mpaka akapinda kwenye njia ya zahanati, na hapo nikayafuta maneno yangu. Alipendeza! Alipendeza hasa, na mimi fundi mzima sikujua kwa nini.

Lazima mjue tulikotoka ndipo mnielewe. Sisi wa rika langu tuliingia usichanani kwa foleni. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya khanga pale duka la ushirika, ukifika mbele unapewa rangi usiyoipenda na unashukuru. Kuna mwaka nilimshonea mama yangu sketi kwa kitambaa cha mfuko wa unga, na akaivaa sikukuu. Halafu ghafla milango ya biashara ikafunguliwa, ikawa ruksa. Siku za gulio pale Kibiti marobota ya mitumba yanakatwa kamba juu ya turubai, na sisi wa vijiji vya Dimani tunatoka asubuhi kwa miguu kuyawahi. Tulichanganyikiwa kwa uroho. Na kwa kuwa tulikuwa tumenyimwa kuchagua miaka mingi, tulipopata tukachagua kwa kulinganisha kila kitu. Kiatu chekundu, basi mkoba mwekundu, kitambaa cha kichwa chekundu, na ukikosa hereni nyekundu hutoki nyumbani siku hiyo. Nilishona mikanda ya magauni mpaka nikachoka, kila mtu anataka rangi moja juu mpaka chini.

Ndiyo maana nesi huyu alinisumbua akili. Hakulinganisha kitu na kitu. Alikuwa na mkoba wa malkia na kandambili ya waya, na vikapatana.

Alitoka bara, kule kwenye baridi, Mkristo, hajafika miaka thelathini, hajaolewa na hajazaa. Tulimwita Sista. Alikuwa na sauti ndogo na adabu nyingi, anaamkia hadi watu waliomzidi mwaka mmoja. Kijiji kilimpokea vizuri ila hakikwenda kwake. Wanawake walimpelekea mihogo na samaki, wakasema karibu sana mwanetu, kisha wakarudi nyumbani kuzalia kwao kama walivyozoea.

Mwezi mmoja baadaye mambo yakageuka, na sababu ilikuwa ule mkoba.

Sikuwa peke yangu niliyekuwa nautazama. Watu waliona kwamba Sista hautui mkoba wake chini. Akiingia nyumba ya mtu akakaribishwa mkekani, anakaa, ananyoosha miguu, na mkoba unabaki mapajani. Akila, anakula kwa mkono wa kulia na wa kushoto umeulalia. Msibani, uko begani. Zahanati aliutundika kwenye msumari juu ya kichwa chake. Na hakuna aliyewahi kuuona uko wazi. Mtoto akinyoosha kidole kuugusa, Sista anausogeza taratibu, huku anatabasamu.

Sasa niambieni, huku kwetu ni nani anayevaa nguo kuukuu na kubeba mkoba mzuri usiotua chini, usiofunguliwa na mkono mwingine? Mganga. Mganga akifika kwako, unapokea mkoba kwanza kwa mikono miwili, unautundika, ndipo unamkaribisha mwenyewe. Huo ndio utaratibu na kila mtoto anaujua. Basi wanawake wa kisimani wakakata shauri: huyu msichana karithishwa na wazee wake huko bara, serikali imempa kazi bila kujua. "Mdogo vile!" alisema mmoja. Mwenzake akamjibu, "Mizimu inaangalia umri?" Kuanzia hapo benchi la zahanati likajaa. Mimi nilicheka mpaka nikajichoma sindano, lakini sikumsahihisha mtu, kwa sababu ya dada yangu.

Dada yangu mkubwa, ninayemfuata ziwa, alikuwa ameolewa upande wa pili wa kijiji. Mara mbili alibeba mimba mpaka mwisho, na mara mbili tulizika. Sasa alikuwa na ya tatu. Mumewe alikuwa Kiongoroni akikata boriti za mikoko, anaweza kupotea huko miezi miwili, kwa hiyo nyumba ilikuwa chini ya mavyaa wake, mama wa mume. Mama huyu alikuwa mshonaji wa mikeka, mtu wa maneno machache. Anakaa kibarazani na shazia, ile sindano nene, anaunganisha ukili mmoja na mwingine, zile kanda za ukindu uliosukwa, kutwa nzima, na ukimsalimia anakujibu bila kuinua macho. Nilimwogopa. Namwogopa hata leo, na amekwisha kufa.

Wale watoto wawili walipokewa na mkunga wa kijiji, na mkunga huyo alikuwa dada yake mavyaa, wa tumbo moja. Ndiye aliyenipokea mimi nilipozaliwa, akampokea shemeji yangu, akapokea nusu ya wanakijiji. Nilipothubutu kusema safari hii dada aende zahanati, mavyaa alisema neno moja tu: "Msichana ambaye hajazaa atamzalisha nani?" Nikaanza kubisha. Dada akanifinya mkono.

Niseme wazi, nilikuwa naogopa sana. Dada aliniletea gauni lake nilifungue ubavuni kila tumbo lilipozidi, na kila nilipozungusha futi kiunoni mwake nilihesabu miezi iliyobaki. Nilikuwa nimemshonea sanda za watoto wawili kwa cherehani ile ile. Sikutaka kushona ya tatu, na zaidi ya hapo sikutaka kushona kubwa.

Basi siku mavyaa aliposikia habari za mkoba akasema, "Nenda kwa yule mwenye mkoba," mimi ningebisha nini? Dada akaanza kliniki. Alirudi huko akiwa anacheka, ana kadi, ana vidonge vya damu. Nikamwombea dua Sista na mkoba wake.

Jumamosi moja mchana nikasikia sauti ndogo, "Hodi fundi."

"Karibu Sista! Karibu ndani, karibu kiti."

Alikuwa ameukumbatia. "Bitana imechanika ndani. Nasikia una mkono mzuri. Utaweza?"

Kama nitaweza! Nilikuwa nimeungoja mkoba ule miezi mitano. Nilinawa mikono kwanza. Akafungua kifungo cha shaba, akatoa vitu vyake kimoja kimoja akaviweka kwenye meza yangu: Biblia ndogo, kalamu, kipande cha sabuni kwenye karatasi, leso, na karanga kwenye kijifuko. Nikaupindua. Yarabi, kazi ile! Hata kule ndani asikoona mtu mishono ilikuwa imelingana. Pembeni palikuwa na maandishi madogo ya dhahabu, jina la kigeni, yamekandamizwa kwenye ngozi.

"Sista, hiki kitu umekitoa wapi?"

Akacheka. "Kwenye robota, kama wewe ulivyotoa hilo gauni lako. Nilikuwa mwanafunzi wa unesi. Nilitoa hela ya sabuni tu, hakuna aliyeugombania, wenzangu walitaka myekundu ya plastiki. Nikawa nautupa popote, chini ya kitanda, kwenye majani. Siku moja mke wa daktari mmoja wa kizungu pale hospitali ya misheni akauona. Fundi, yule mama alikaa chini! Akaniambia kwao mkoba huu ni bei ya bati za nyumba nzima. Nikaenda chumbani nikautazama usiku kucha. Tangu siku ile siwezi kuuweka chini. Mkono unakataa. Nikiwa na mtu najaribu, naona kama naweka nyumba ya mama yangu kwenye vumbi. Natamani nisingeambiwa."

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Na mdomo wangu, mdomo wangu huu, ukafunguka wenyewe. "Kumbe! Na wenzako huku wanasema humo mna mizimu."

"Mizimu gani?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema natania. Lakini nilikuwa nimenogewa, nikamweleza yote: mkoba usiotua, nguo kuukuu, wazee wake wa bara waliomrithisha. Nikamwigiza hadi yule mama wa kisimani. Nilipomtazama, hakuwa anacheka.

"Mimi? Mganga?"

"Watu tu, Sista, usijali."

"Nimesoma miaka mitatu, fundi. Nimekesha wodini. Wanawake walipoanza kuja nilipiga magoti nikamshukuru Mungu, nikasema wameelewa somo. Kumbe wanafuata ngozi." Akakusanya vitu vyake kwenye leso, akaifunga fundo. "Kaa nao. Sitaushika tena."

"Sista, wanakuja au hawaji? Wakija kwa sababu ya ngozi wewe unapungukiwa nini?"

"Napungukiwa," alisema, akaondoka.

Nikakasirika. Nilimkasirikia yeye kwa maringo yake, nikajikasirikia mwenyewe kwa kuropoka kwangu, na nikiwa na hasira huwa nafua. Nikaifua bitana ile kwa sabuni, nikautundika mkoba barazani, ndani nje, ukauke.

Lakini kabla ya kufua nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo. Nilifunga mlango, nikavaa gauni langu la Idi, lile la satini lenye marinda na lesi shingoni, nikauning'iniza mkoba begani nikasimama mbele ya kioo. Loo! Nilionekana mwizi. Gauni linapiga kelele, mkoba umenuna, havisemezani. Nikabadili, nikavaa sketi nyekundu na blauzi ya kumeta. Hali mbaya zaidi. Nikakata tamaa nikavua vyote, nikajifunga khanga yangu ya jikoni, ile iliyofuliwa mpaka maneno yake hayasomeki, na blauzi ya pamba iliyofifia. Nikauvaa tena mkoba, basi tu, nione. Na mbele ya kioo akasimama mwanamke mwenye heshima zake. Ile khanga haikuonekana kuukuu tena. Ilionekana imechaguliwa. Kana kwamba ninazo nyingine ishirini kabatini na leo nimeamua hii. Nikageuka kushoto, nikageuka kulia, sikuamini. Miaka yote nilikuwa nawashonea watu walingane, na kumbe kitu kimoja kizuri kinatosha, vingine vikikaa kimya.

Haya. Mkoba ukawa barazani ndani nje kwa siku tatu. Wa kwanza kusimama alikuwa jirani yangu, na ndoo kichwani.

"Fundi, huo si mkoba wa Sista?"

"Ndio."

"Mbona matumbo nje?"

"Nimefua bitana."

Akatazama huku na huku. "Na humo mlikuwa na nini?"

Na mimi, kwa ile hasira yangu iliyokuwa haijaisha, nikamjibu, "Karanga."

"Karanga!"

Habari ilifika kisimani kabla ya ndoo yake. Kutwa ile watu walipita barazani kwangu hata wasio na njia ya kupita hapo. Siku ya tatu alikuja mavyaa wa dada yangu mwenyewe, na hajawahi kuja kwangu kabla. Nilimwamkia, akaitikia. Akasimama mbele ya mkoba. Akashika bitana kwa vidole viwili, akaipapasa kama anavyopapasa ukili kujua kama umekauka vizuri. Akajitanda khanga yake, akaenda.

Jioni dada akanijia analia. "Umefanya nini wewe? Mama kanikataza kliniki. Kasema nisikanyage."

Nilimtazama tumbo lile, nikamvutia kiti. Wiki ile benchi la zahanati lilibaki tupu. Sista alipita barazani kwangu akiwa na mfuko wa plastiki, akanisalimia kwa adabu, hakuuliza mkoba. Na unajua, kwa ule mfuko wa plastiki alionekana kama sisi wote, msichana mwenye gauni lililopauka. Nilianza kushona ile bitana nikaiacha nusu, sindano imening'inia. Niimalize iende wapi?

Siku kumi hazikupita. Jua limeshapanda, wifi wa dada yangu akaja anahema. "Kashikwa tangu alfajiri. Haendi mbele harudi nyuma."

Nilikimbia. Chumbani dada alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, na mkunga nyuma yake mikono imejaa mafuta. Nilimtazama mkunga usoni nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa yule bibi. Alikuwa anaogopa. Mavyaa alikuwa mlangoni, amesimama wima.

"Mama, nakuomba," nikasema, nikapiga magoti. "Nakushika miguu. Twende zahanati."

"Kwa nani?"

"Kwa Sista."

"Sista yupi?" Akanikazia macho. "Yule mwenye mfuko wa plastiki?"

Mimi mjinga nikadhani ananikejeli. Nikafungua mdomo nimtukane mama wa watu ndani ya nyumba yake. Dada ndiye aliyeniokoa, kule kwenye nguzo, kwa sauti ambayo sikuijua: "Nenda kalete mkoba!"

Nikatoka mbio mpaka kwangu, nikaupindua, nikaunyakua vile vile na bitana imeshonwa nusu, nikakimbia zahanati. Sista alikuwa peke yake anapanga chupa. Nikamweleza huku nahema, nikamsukumia mkoba kifuani. Akarudi nyuma.

"Nitakuja. Tangulia. Lakini hiki sikibebi. Sitamdanganya mtu katika jina la Mungu wangu."

"Sista, dada yangu anakufa!"

"Nimesema nakuja!"

"Ukija bila mkoba hawatakuruhusu kumgusa! Ni mkoba wako au si wako? Umeununua au hukuununua? Nani kakuambia useme uongo? Wewe beba tu mkoba wako!"

Alinitazama. Alikuwa na machozi. Akatia glovu mfukoni mwa gauni, akauchukua mkoba akauvaa begani. "Naubeba kwa kuwa ni wangu," alisema. "Watakavyouona ni shauri yao." Tukaenda, yeye mbele, na kandambili ya waya inapiga pa, pa, pa.

Mavyaa alimwona tangu uani. Akatoka mlangoni, akanyoosha mikono miwili, na kabla ya salamu akaupokea mkoba. Akauingiza ndani polepole, ameunyanyua juu usiguse kitu, akautundika kwenye msumari wa kofia ya marehemu mumewe. Kisha akamgeukia yule mkunga. "Dada," alisema, na ilikuwa sauti ya upole kabisa, "mwenye mkoba kafika. Hapa si pako wala si pangu tena."

Mkunga akashusha pumzi. Mabega yake yakalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Akasogea, Sista akaingia, akapapasa, akasema, "Mtoto ametanguliza matako. Zahanati, sasa hivi."

"Mchukueni," alisema mavyaa.

Wanaume wanne wa jirani wakambeba dada na kitanda chake cha kamba. Mkunga alifuatana nasi, akaingia ndani na Sista, akamshika dada mabega. Mavyaa hakuja. "Mimi nabaki na mkoba," alisema, akavuta mkeka akakaa chini ya ule msumari.

Nilikaa nje kwenye benchi tupu. Nilisikia adhana ya adhuhuri, nikaswali palepale mchangani, sijui niliswali rakaa ngapi. Kisha pakawa kimya, kimya kirefu, na hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukisikia mara mbili. Halafu mtoto akalia. Akalia kwa hasira, kama mimi. Nami nikalia kwa sauti yote, na sikuona aibu. Mkunga akatoka anajifuta mikono, akakaa kando yangu. "Msichana," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Yule mtoto wa bara ana mikono."

Nilipoingia, dada alikuwa amelala na kitoto kifuani. Nikamwuliza jambo lililokuwa linanila: hivi kweli mavyaa wako anaamini yale ya mkoba?

"Sijui," alisema, ameshafumba macho. "Lakini fikiri wewe. Bila mkoba angenituma zahanati kwa sababu gani? Angemwambia nini dada yake? Kwamba wale wawili walifia mikononi mwake?"

Mkoba ulirudi kesho yake. Mavyaa aliupeleka zahanati mwenyewe, ameufunika na khanga. Na Jumamosi Sista akaja barazani kwangu, gauni lile lile la maua, mkoba begani, amependeza kama siku ya kwanza.

"Fundi, ahsante kwa bitana. Lakini umetumia uzi gani? Mgumu kama kamba."

"Sijaimaliza, Sista. Nilikupa ikiwa nusu."

Nikanawa mikono, nikaupindua. Nusu moja ilikuwa yangu, mishono midogo ya uzi wa pamba. Nusu ya pili ilikuwa imeshonwa kwa ukindu mwembamba, mishono mipana, imelazwa upande mmoja, kila mmoja umekaa juu ya mwenzake. Niliijua. Hakuna mtu kijijini asiyeijua, tunailalia kila siku. Na bitana haishonwi mkoba ukiwa umefungwa. Lazima uufungue, uupindue wote, utoe hata makombo ya karanga yaliyopenya chini ya bitana pembeni. Alikuwa ameyatoa. Pembe zilikuwa safi.

"Niufumue nikushonee vizuri?" nikamwuliza Sista.

"Thubutu!" alisema, akaurudisha begani.

Jioni nilikwenda kumwona mtoto. Mavyaa alikuwa kibarazani na shazia yake, na mkunga kando, amempakata mjukuu wao anamwimbia. Nikaamkia wote wawili. Nikashindwa kujizuia, mnanijua.

"Mama, samahani. Nani aliyeushona mkoba wa Sista?"

Kwa mara ya kwanza aliinua macho kutoka kwenye ukili. Akamtazama dada yake, aliyekuwa anacheka na kitoto. Kisha akanitazama mimi.

"Mkoba wa mtu haufunguliwi, mwanangu," alisema. "Nani ataushona?"

Akatia tena shazia kwenye mkeka. Nikasema, "Kweli, mama," nikakaa chini, nikamshikia ukili.